Sifa za Shule Zapewa Nani?

Kila yatokapo matokeo ya mtihani twaona mabango yakitundikwa barabarani: shule fulani, watoto wote Daraja la Kwanza! Kabla hujapiga makofi, hebu jiulize jambo moja. Watoto hao walikuwaje siku walipoingia?

Shule iliyofanya mtihani wa kuingilia, ikawachukua wanaojua na kuwarudisha wasiojua, kisha ikachuja tena njiani kwa jina la "wastani", mwishowe ikatoa Daraja la Kwanza tupu, imefanya ajabu gani? Huyo ni mtu aliyenunua embe mbivu sokoni, akaja mtaani kujigamba kuwa yeye ni mkulima. Wala sisemi kwa husuda ya shule za kulipia. Hata katika shule za serikali zimo za vijana waliochaguliwa kwa alama za juu, kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Kilakala. Wafaulupo twafurahi, lakini kuwashangilia wao peke yao ni dhulma kwa wengine.

Sasa itazame shule ya kata. Shule hizi zilienea Tanzania hasa tangu mwaka 2006, chini ya mpango wa elimu ya sekondari ulioanza 2004. Hazichagui mtu. Mtoto aliyepata C darasa la saba anapokewa, akaketi na mwenzake aliyetembea kwa miguu asubuhi kutoka kijiji cha pili. Mtoto huyo amesomeshwa miaka 7 kwa Kiswahili. Aingiapo Kidato cha Kwanza anaikuta baiolojia kwa Kiingereza, hisabati nayo kwa Kiingereza, na anayemshinda alama ni yule aliyeanza na lugha hiyo tangu chekechea. Ada ilipoondolewa mwaka 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, madarasa yakafurika. Mwalimu ni yule yule, na chaki yake ni ile ile.

Na bado wapo walimu wanaobaki jioni. Wanamfundisha mtoto kulielewa swali kwanza, maana wengi wa hawa hawakosi jibu. Wanakosa kufahamu wameulizwa nini. Wanamfundisha kuandika muhtasari kwa maneno yake, asinakili ubao kama picha. Mtoto wa namna hii akipata Daraja la Tatu hakuna anayeandika habari zake. Waama hesabu si ngumu: akiwa na C tatu katika masomo ya mchepuo wake na pointi zisizozidi 25, mlango wa Kidato cha Tano umefunguka. Na huko mbele chuo kikuu hakidai maajabu. Kiwango cha chini ni kufaulu masomo mawili kwa jumla ya pointi 4, na D mbili zatosha kuzifikisha, ingawa kozi nyingi hudai zaidi. Basi kwa nini tunamwambia mzazi kwamba mwanawe wa kati hana lake?

Watasema wenye kubisha: mtoto wa wastani ni wa wastani tu, mpeleke akajifunze ufundi. Ufundi ni kazi ya heshima, na wa kuutaka aufuate. Lakini kumsukuma mtoto huko kwa kuwa hatukutaka kumfundisha ni jambo jingine kabisa. Marekani, katika mji wa San Diego, mwaka 1980 mwalimu wa Kiingereza wa shule ya umma, Mary Catherine Swanson, aliwakusanya wanafunzi 32 wa alama za kati. Aliwatia katika masomo magumu ya kuandaliwa chuo, wala hakuwapunguzia. Akawapa darasa la kuwasaidia, la kuandika muhtasari na kuulizana maswali katika vikundi. Mpango ule, uitwao AVID, leo umo katika maelfu ya shule. Wanafunzi walikuwa wa wastani. Mwalimu ndiye aliyekataa kuwafundisha kiwastani.

Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Lilifanya vyema, ila kuondoa sifa isiyo ya haki ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuipeleka inapostahili. Afisa elimu na achukue orodha ya watoto wote walioandikwa Kidato cha Kwanza, wote, si wale tu waliofika kwenye chumba cha mtihani. Aandike waliingia na alama gani, wangapi waliachia njiani, na wangapi wako vyuoni leo. Iliyowavusha wengi kutoka mbali ndiyo ipewe zawadi, kwa jina lake na la walimu wake, mbele ya wazazi. Na wewe msomaji, usingoje afisa. Mwalimu wa shule ya kata yako unamjua. Nenda ukamwambie mwanao amefika wapi.