Utafiti unaondoka, mrejesho haurudi: Mwanasayansi anahitaji nini ili afike Singe?

Mahindi yanayoanikwa uani baada ya mavuno yanaweza kubeba sumu isiyoonekana kwa macho, isiyo na harufu wala ladha. Wanasayansi wa Tanzania wanaifahamu sumu hiyo kwa miaka mingi. Wanajua inavyoingia kwenye nafaka, na wanajua kwamba hatua ya kwanza ya kuizuia inaweza kuwa turubai tu la kuanikia. Swali letu katika makala hii ni kwa nini ujuzi huo huchelewa kusafiri kilomita zipatazo 170 kutoka Arusha, kwenye vituo vya utafiti, hadi kata ya Singe hapa Babati mjini.

Nchini kwetu, mjadala wa kuwasaidia wanasayansi huishia mara nyingi kwenye fedha na maabara. Fedha ni muhimu kweli. Umoja wa Afrika umeziwekea nchi wanachama lengo la kutumia angalau asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na Tanzania bado haijafika hapo. Lakini ukiutazama mjadala huo ukiwa Singe, unaona mambo mengine matatu yanayomkwamisha mtafiti: namna anavyofundishwa, namna anavyoshirikiana na wenzake na wananchi, na kinachompata anapofungua mdomo hadharani.

Kilichotokea mwaka 2016

Mwaka 2016 watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara walianza kuugua ugonjwa ambao mwanzoni uliitwa usiojulikana. Uchunguzi ulionyesha chanzo ni sumukuvu kwenye nafaka walizokula. Taarifa ya kitaalamu iliyochapishwa baadaye ilihesabu wagonjwa 68, na takriban watatu kati ya kila kumi walifariki dunia.

Sumukuvu hutengenezwa na kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga, hasa mazao yakipata ukame shambani, yakivunwa na kuanikwa juu ya udongo, au yakihifadhiwa yakiwa na unyevu. Kupika ugali hakuiondoi. Ikiingia mwilini kwa wingi inaharibu ini na kuua. Ikiingia kidogo kidogo kwa miaka mingi huchangia saratani ya ini, na imehusishwa pia na udumavu wa watoto.

Yote hayo yalikuwa yanajulikana kabla ya 2016. Jirani zetu Kenya walipata janga kama hilo mwaka 2004 katika maeneo ya Makueni na Kitui, ambako wagonjwa 317 waliandikishwa na 125 wakafa. Maarifa yalikuwepo, tena kwa jirani, miaka 12 kabla.

Tazama namna maarifa hayo yanavyoweza kuwa mepesi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia mahindi na chumvi kavu, funga, tikisa vizuri, kisha subiri kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi, yarudishe juani. Hiyo ni dalili tu, kipimo kamili ni cha mashine, kwani mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5 hivi. Hata hivyo, maelezo hayo yanaingia kwenye dakika moja ya redio. Wapo wenye ujuzi huo. Kinachokosekana ni mtu ambaye kuutoa hadharani ni sehemu ya kazi yake.

Anafundishwa aongee na nani?

Mtoto wa Singe anasoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, sayansi yote inahamia kwenye Kiingereza, na hairudi tena. Akifika shahada ya uzamivu, ameshajifunza kwa zaidi ya miaka kumi kueleza kuvu, udongo na mbegu kwa lugha ambayo mama yake haitumii. Kwa kawaida hakuna mtihani wowote njiani unaomtaka aeleze utafiti wake kwa Kiswahili mbele ya wakulima, na afaulu au afeli kwa hilo.

Vyuo vimeanza kubadilika kwa upande mmoja. Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyopo Tengeru mkoani Arusha na iliyoanza kufundisha mwaka 2011, iliundwa kwa ajili ya shahada za juu zinazoelekezwa kwenye matatizo ya jamii na viwanda. Mradi wa HEET, unaogharimu dola za Marekani milioni 425 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, unasomesha wahadhiri na kuvitaka vyuo vikae na waajiri wakati wa kupanga mitaala. Hizo ni hatua za kweli.

Lakini angalia tuzo zinaelekea wapi. Katika bajeti ya mwaka 2022/23, Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ilitenga shilingi bilioni 1 kuwatuza watafiti wanaochapisha kwenye majarida ya kimataifa yenye hadhi ya juu, na Waziri Profesa Adolf Mkenda akatangaza tuzo ya shilingi milioni 50. Ni jambo jema, maana mtafiti wa Kitanzania anastahili kutambuliwa duniani. Tatizo ni kwamba upande wa pili wa mizani hauna kitu. Mtafiti huyo huyo akikaa siku tatu na wakulima akiwaeleza alichogundua, siku hizo hazimsogezi sana kuelekea uprofesa. Mwanasayansi ni binadamu kama sisi, atakwenda kule anakohesabiwa.

Babati imetafitiwa sana

Wilaya ya Babati si mgeni kwa watafiti. Kuanzia mwaka 2012 mradi wa Africa RISING, ulioongozwa kwa upande huu na taasisi ya IITA, ulifanya majaribio katika vijiji kama Long, Sabilo na Seloto. Walijaribu kuchanganya mahindi na mbaazi, matumizi ya mbolea, malisho ya mifugo na uhifadhi wa nafaka kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Watafiti wa kituo cha Selian, ambacho sasa kipo chini ya TARI, na wa vyuo vya ndani na nje walishiriki. Wakulima waliokuwa karibu na mashamba hayo walijifunza kwa kuona.

Mradi huo ulifadhiliwa na shirika la misaada la Marekani, USAID, ambalo shughuli zake zilisitishwa rasmi Julai 2025. Africa RISING ilikuwa imeshamaliza kazi yake kabla ya hapo, lakini funzo linabaki. Ushirikiano unaotegemea mfuko mmoja wa nje huondoka na mfuko huo. Takwimu zinabaki kwenye kompyuta za watafiti, na kijiji ambacho hakikuwa kwenye orodha ya mradi kinabaki kusubiri awamu ijayo.

Utaratibu wetu wenyewe una mlango ambao haujatumika ipasavyo. Mtafiti kutoka nje ya nchi anatakiwa kupata kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1986, na kuwa na mshirika Mtanzania. Kisha barua zinashuka: mkoa, wilaya au mji, hadi kwa mtendaji wa kata. Barua hizo zote zinamsaidia mtafiti kuingia. Mtendaji wa kata anajua nani amekuja kuuliza maswali, lakini ni nadra kupata waraka unaomwambia majibu yalikuwa nini. Hicho ndicho tunachokiita mrejesho.

Na kuna ushahidi kutoka hapa hapa kwamba ushirikiano wa kweli unalipa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilipanga kuufanya msitu wa miombo wa Duru-Haitemba, wenye takriban hekta 9,000, kuwa hifadhi yake. Wanavijiji walipinga. Wataalamu, wilaya na wanavijiji wakakaa meza moja, kwa msaada wa Sweden, na kufikia mwaka 1994 vijiji vikakubaliwa kuulinda wenyewe kwa sheria ndogo zao. Uzoefu huo wa Babati ulichangia kuzaliwa kwa usimamizi shirikishi uliomo katika Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Waliohojiwa walikuwa pia waamuzi, na matokeo yakafika bungeni.

Kuongea kuna gharama

Tuseme mtafiti amefundishwa kuongea na analipwa kwa kuongea. Bado kuna swali la usalama wa kazi yake. Desemba 2016 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ilitangaza matokeo ya utafiti yaliyoonyesha dalili za virusi vya Zika katika sampuli za damu. Serikali ikasema hakuna ugonjwa huo nchini, na ndani ya siku chache uteuzi wa mkurugenzi mkuu, Dkt. Mwele Malecela, ukatenguliwa. Baadaye alikwenda kufanya kazi Shirika la Afya Duniani na kuongoza idara ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele, hadi alipofariki Februari 2022.

Miaka miwili baada ya tukio hilo, mabadiliko ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018 yaliweka adhabu kwa anayetoa takwimu zinazopingana na za serikali. Yalilegezwa mwaka 2019 baada ya malalamiko ya ndani na nje. Sheria imebadilika, ila kumbukumbu haifutiki haraka hivyo. Sisi wa redio tunaiona pale tunapomwalika mtaalamu studioni na jibu likawa, "Niombeeni kibali kwanza." Kibali kikija baada ya wiki mbili, mahindi yameshaingia ghalani.

Serikali nayo ina hoja. Taarifa ya ugonjwa ikitolewa ovyo inazua taharuki, inaua biashara na inaweza kuwafukuza watalii. Ndiyo maana utaratibu unahitajika. Lakini utaratibu mzuri unaharakisha taarifa sahihi. Matope yaliposhuka kutoka Mlima Hanang Desemba 3, 2023 na kuua watu zaidi ya 80 Katesh na vijiji jirani, wengi walijiuliza kama volkano imelipuka. Wataalamu wa serikali walieleza mapema kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji na kumeguka. Kwa maelezo hayo, watu walijua wanakabiliana na kitu gani. Hakuna aliyepoteza heshima kwa mtaalamu kusema.

Nchi hii imewahi kuweza

Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilitayarisha vijitabu na vipindi vya Radio Tanzania vya wiki 12. Watu walikusanyika katika vikundi vyenye viongozi waliopewa mafunzo, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka vinavyofuga mbu. Watu wapatao milioni 2 walishiriki.

Siri yake haikuwa redio peke yake. Daktari alitoa maarifa, mwalimu akayageuza kuwa lugha ya kikundi, mtangazaji akayasomea watu, na kikundi kikaamua cha kufanya kabla ya kutawanyika. Kila mmoja alijua sehemu yake. Leo tuna redio nyingi zaidi na simu mifukoni, lakini mnyororo huo umekatika. Redio nyingi za mikoani hujiendesha kwa matangazo, hivyo kipindi cha utafiti hutakiwa kiwe na mdhamini, na mtafiti wa kawaida hana fungu la kulipia muda wa hewani.

Mambo matatu yanayowezekana

La kwanza ni mafunzo. Chuo kinaweza kumtaka kila mwanafunzi wa uzamili na uzamivu awasilishe muhtasari wa Kiswahili wa kurasa mbili, na autetee mbele ya watu wasio wa fani yake. Kiswahili hakijashindwa: neno "sumukuvu" lenyewe limeundwa kwa sumu na kuvu, na leo linasemwa sokoni bila mkalimani.

La pili ni ushirikiano. Kibali cha utafiti kisihesabike kuwa kimefungwa hadi mtendaji wa kata athibitishe kwamba mrejesho umefanyika, kwenye mkutano wa wananchi au redioni. Gharama yake iwekwe kwenye bajeti ya mradi tangu mwanzo, kama inavyowekwa ya mafuta ya gari.

La tatu ni ulinzi na tuzo. Kila taasisi iwe na msemaji wa kisayansi anayeruhusiwa kujibu ndani ya siku moja jambo linalogusa uhai wa watu. Na kazi ya kuelimisha umma ipewe alama katika kupandisha vyeo, hata kama ni chache kuliko za jarida.

Si kila mtafiti ana kipaji cha kipaza sauti, na hatutaki wote wawe watangazaji. Wengine watabaki maabara, na ndiko tunakowahitaji. Lakini katika kila timu awepo mmoja ambaye kazi yake ni kurudi.

Mavuno ya mahindi yanaanza mvua zikishakatika. Mkulima wa Singe ataamua kwa siku chache tu kama ataanika chini au juu ya turubai, kama atahifadhi leo au atasubiri jua la wiki nyingine. Ataamua kwa alichosikia, na kama hajasikia kutoka kwa mwanasayansi, atakuwa amesikia kwa mtu mwingine.