Nani Alipie Kuupima Udongo?

Katika mtaa wa Owino Uhuru, kule Mikindani upande wa Changamwe, sumu iligunduliwa katika damu ya mtoto anyonyaye. Mamake, Phyllis Omido, alikuwa ameajiriwa mwaka 2009 na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi. Mtoto akaugua, akatibiwa bila nafuu, hata damu yake ilipopimwa ikakutwa na madini hayo. Kiwanda kilipakana na nyumba za watu. Moshi uliwashukia, na maji machafu yakapita vichochoroni wachezamo watoto. Kilifungwa mwaka 2014. Risasi haiozi wala haikauki, hubaki udongoni.

Mfalme Ahabu alilitamani shamba la Nabothi, akalitwaa. Watu wa Owino Uhuru waliachiwa shamba lao, likiwa na sumu ndani.

Mwezi wa Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliwapa wakazi hao, wapatao 3,000, fidia ya shilingi bilioni 1.3, ikaagiza pia mahali hapo pasafishwe. Miongoni mwa waliopatikana na makosa ni ofisi za umma zenyewe, ikiwamo Mamlaka ya Kitaifa ya Mazingira, NEMA. Baada ya mvutano wa rufani, Mahakama ya Juu iliirejesha fidia hiyo Desemba 2024. Tuliishangilia hukumu, na si haba. Lakini sisi tulio mawakili twajua kwamba ilijengwa juu ya vipimo vya damu ya watoto, na ushahidi wa namna hiyo haupatikani mpaka madhara yawe yamekwisha kutokea.

Katiba ya 2010 haikukusudia hivyo. Ibara ya 70 humruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani haki yake ya mazingira safi inapotishiwa, bila kuthibitisha kwamba kuna aliyeumia. Basi mkulima wa Mwakirunge kule Kisauni, alimaye karibu na jaa la taka za mji, ataithibitishaje hatari kabla ya kuumia, ikiwa hana fedha ya maabara? Haki ipo katika maandishi, na ufunguo wake wauzwa kwa bei asiyoimudu.

Tutaambiwa kwamba hazina ni tupu. Jibu limo katika Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999. Kifungu cha 25 kiliunda Mfuko wa Kitaifa wa Kurejesha Mazingira, uchangiwe na ada, dhamana na michango ya wenye viwanda, kwa ajili ya pale ambapo mchafuzi hajulikani au hali isiyo ya kawaida yaidai Mamlaka iingilie kati. Marekani ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 1980, ikawatoza kodi wenye mafuta na kemikali ili ardhi iliyoachwa na wachafuzi ichunguzwe na kusafishwa. Na mwenye kulalamikia gharama na aziweke bilioni 1.3 upande mmoja wa mizani, na mifuko michache ya udongo iliyopelekwa maabara upande wa pili.

Kifungu cha 2A kilipofutwa mwaka 1991, wengine wetu tulikuwa watoto. Waliopigania mageuzi hayo walitaka, pamoja na vyama vingi, raia aweze kuuliza fedha yake imekwenda wapi bila kukamatwa. Ibara ya 201 sasa yaagiza wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Basi vikao vya bajeti vitakapoitishwa Likoni, Kisauni na Changamwe, makanisa na vikundi vyetu viende na swali moja lililoandikwa: fungu la kupima udongo na maji ya visima ni shilingi ngapi, na laanzia kijiji gani? Wazee wanaokumbuka palipokuwa na viwanda na majaa ya zamani waende nao, na jibu litakalotolewa liingizwe katika kumbukumbu za kikao.