BWANA SHAMBA ANAJIBU: Pampu ya usukani inavuja. Je, tununue nyingine?



Mwezi huu nimepata barua kutoka kwa kamati ya kikundi kimoja cha wakulima. Kikundi hicho kina pikapu moja ya zamani, Toyota Hilux ya dizeli. Pikapu hiyo hupeleka mahindi sokoni na kurudi na mbolea. Usiku hupeleka wagonjwa hospitali. Sasa usukani wake umekuwa mzito. Kila asubuhi kuna matone mekundu chini ya injini. Fundi mmoja amewaambia kuwa pampu ya usukani imekufa, wanunue nyingine. Fedha walizo nazo ni za mbolea ya msimu ujao. Wanauliza: wazitoe?

Ndugu zangu, msizitoe bado. Kwanza tafuteni mahali oili inapotokea. Pampu inaweza kuwa nzima kabisa, na oili ikawa inatoka kwenye mpira au klipu.

Wengine watasema bwana shamba anaingilia kazi ya makanika. Lakini mbolea haitembei kwa miguu. Gari likilala, na mbolea inalala dukani.

Tuanze na kazi ya pampu. Zamani dereva alikata kona kwa nguvu za mikono yake tu. Mwaka 1926 mhandisi mmoja wa Marekani, Francis Davis, alitengeneza usukani unaosaidiwa na oili. Kampuni ya Chrysler ilianza kuuza gari ndogo zenye usukani huo mwaka 1951. Mafundi wetu huuita pawa. Injini huzungusha mkanda. Mkanda huzungusha pampu. Pampu husukuma oili kwa nguvu hadi kwenye boksi la usukani, na oili hiyo humsaidia dereva kugeuza magurudumu. Kisha oili hurudi kwenye kikopo chake, na safari huanza tena.

Kwa hiyo kuna mipira miwili. Mmoja hupeleka oili yenye nguvu. Mwingine huirudisha ikiwa imepoa nguvu. Mkumbuke tofauti hiyo, kwa sababu matengenezo yake si sawa.

Nguvu ya oili hiyo si ya mchezo. Tairi la pikapu hujazwa upepo wa 30 au 40 kwa kipimo cha gereji. Kwa kipimo hicho hicho, oili ya usukani hufika 1,000 na zaidi mnapokata kona mkiwa mmesimama. Ikipata tundu dogo kama la sindano, inaweza kupenya ngozi ya mkono. Jeraha linaonekana dogo, lakini ndani ni baya, na mtu huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Basi msipapase mpira kwa mkono wakati injini inaunguruma. Tumieni kipande cha boksi la karatasi.

Sasa tutafute. Hakikisheni kwanza kuwa oili inayodondoka ni ya usukani. Oili ya injini ni nyeusi au ya kahawia. Oili ya breki haina rangi nyingi, na mara nyingi huonekana karibu na gurudumu. Oili ya usukani kwenye gari nyingi za zamani ni nyekundu, ingawa ikichakaa huwa kahawia. Fungueni kikopo cha oili ya usukani. Kama oili iko chini ya alama, hiyo ndiyo inayopotea. Kama ina povu, pampu inavuta hewa.

Zimeni injini, ipoe. Osheni pampu, kikopo na mipira yote kwa maji ya sabuni, halafu kausheni kwa kitambaa. Msitumie petroli, ni rahisi kuwaka. Pakeni unga wa chaki au poda ya mtoto juu ya sehemu mlizosafisha, lakini si kwenye mkanda. Jazeni oili hadi kwenye alama. Sasa mmoja awashe injini na akate usukani polepole, kushoto na kulia. Asiushikilie mwisho wa kona zaidi ya sekunde 5, kwa sababu pampu inaumia. Mwingine aangalie akiwa mbali kidogo na mkanda. Aliyevaa khanga, shuka au mikono mirefu asisogee kabisa. Mkanda hauchagui nguo.

Baada ya dakika chache zimeni. Mahali paliporowa kwanza pataonekana kwenye unga ule. Angalieni sehemu ya juu kabisa iliyolowa. Oili huteremka, na upepo wa feni huitupa nyuma, kwa hiyo pale inapodondoka mara nyingi sipo inapotokea. Hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha. Wanaona pampu imelowa, wanaing'oa pampu. Kumbe mpira ulio juu yake ndio uliokuwa unaimwagia.

Kama palipolowa ni kwenye klipu ya mpira wa kurudisha, kazeni klipu. Kama imeliwa na kutu, nunueni nyingine. Kama ncha ya mpira imepasuka na mpira una urefu wa kutosha, kateni ncha hiyo kwa kisu kikali na kuurudisha. Mpira ukiwa mgumu na una nyufa nyufa, badilisheni wote. Mwombe mwenye duka mpira wa oili. Mpira wa maji wa bustani utalainika baada ya muda mfupi, na utakuwa mmerudi mlikotoka.

Kama unaovuja ni mpira wa nguvu, msiufunge kwa tyubu ya baiskeli wala kwa waya. Hauzuii kitu. Tena ukipasuka njiani, oili inaweza kumwagikia bomba la moshi lenye moto, na gari likawaka. Ufungueni na kuupeleka mjini kwa mafundi wanaobana mipira ya haidroliki, wale wanaotengeneza mipira ya matrekta. Chukueni ule wa zamani kama mfano, ili urefu na nati zilingane. Gharama yake ni kubwa kuliko ya klipu, lakini kwa kawaida haifiki ya pampu mpya.

Tuseme unga umelowa kwenye pampu yenyewe, mbele, nyuma ya puli. Hapo sili ya shafti imechakaa. Hata hivyo bado hamjafika kwenye kununua pampu. Sili ni kitu kidogo cha mpira na chuma, na kwa pampu nyingi huuzwa peke yake au katika seti pamoja na oringi zake.

Kazi hii aifanye fundi, na mmoja wa kamati asimame hapo. Tenganisheni waya hasi ya betri. Wekeni beseni chini. Legezeni mkanda. Fungueni mipira na kuziba ncha zake kwa kitambaa safi, vumbi lisiingie. Fungueni bolti za pampu na kuitoa. Puli itolewe kwa kifaa cha kuvutia puli. Fundi akiinua nyundo, mzuieni. Nyundo hupinda shafti na kuumiza vyuma vya ndani, na pampu iliyokuwa inahitaji sili tu sasa itahitaji kaburi.

Sili ikitoka, isafisheni na kuisoma. Ndiyo, kuisoma. Sili nyingi zimeandikwa namba tatu. Kwa mfano, mkikuta 22 35 7, maana yake tundu la ndani ni milimita 22, upana wa nje ni milimita 35, na unene ni milimita 7. Andikeni namba zenu kwenye karatasi, na sili yenyewe mwende nayo dukani. Muuzaji akiwapa yenye namba nyingine na kusema itaingia tu, rudisheni. Kwa kusoma namba tatu mmeokoa nauli ya kwenda mjini mara ya pili.

Kabla ya kuweka sili mpya, pitisheni ukucha juu ya shafti, pale sili inapokaa. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, shafti imelika. Itikiseni pia. Ikicheza huku na huku, beringi imekwisha. Katika hali hizo mbili sili mpya itavuja tena, pengine kabla ya mavuno. Pampu yenye ufa, au iliyokuwa inalia kwa muda mrefu bila oili, nayo ni hivyo hivyo. Sasa ndipo mnunue pampu, na fundi wenu atakuwa amesema kweli.

Mkinunua, mwende na ile ya zamani. Pangeni pampu mbili juu ya meza. Linganisheni ukubwa wa puli, mifereji ya mkanda, matundu ya bolti na mahali mipira inapoingia. Kwa Hilux, semeni na aina ya injini, kwa sababu Hilux zimetengenezwa na injini nyingi. Kama fedha zinatosha pampu iliyotumika tu, zungusheni shafti kwa mkono. Iende laini, isikwaruze. Mimineni oili iliyobaki ndani kwenye karatasi nyeupe. Mkiona chembe zinazong'aa, hivyo ni vyuma vilivyosagika, iacheni. Dai risiti yenye jina la duka na tarehe, na iandikwe kuwa mnaweza kuirudisha. Maneno ya mdomo husahaulika mtu akishahesabu fedha.

Kwenye malori na baadhi ya gari kubwa za dizeli, pampu haina mkanda. Huzungushwa na gia ya injini. Sili ya huko ikichakaa, oili inaweza kuingia ndani ya injini, msione tone hata moja chini. Oili ya usukani inapungua huku ya injini ikiongezeka. Wenye gari za namna hiyo wapime zote mbili.

Sasa oili yenyewe. Someni kifuniko cha kikopo. Gari nyingi za zamani zimeandikwa ATF au Dexron, na hiyo ndiyo ile nyekundu. Si gari zote; Honda, kwa mfano, hutaka oili yake yenyewe. Msitie oili ya breki hata kama mmekwama. Huvimbisha sili na kuziharibu, na uvujaji wa mahali pamoja utakuwa wa kila mahali. Dukani mtauziwa pia dawa ya kuzuia kuvuja. Hiyo hulainisha sili ngumu kwa muda. Mpira uliopasuka hauponi kwa dawa. Mimi singetoa fedha za mbolea kuinunua.

Pampu ikirudishwa, oili ya zamani yote itolewe, kwa sababu chembe za chuma za pampu iliyokufa zitaua na hii mpya. Kazeni mkanda. Kwenye gari za zamani, ukiukandamiza katikati kwa kidole gumba, ubonyee kama sentimita 1. Wekeni mawe nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma. Inueni mbele kwa jeki na kuegemeza gari juu ya magogo imara. Jeki peke yake haiaminiki, na mtu asiingie chini. Jazeni oili. Injini ikiwa imezimwa, kateni usukani polepole mwisho hadi mwisho, mara 20 hivi, huku mkiongeza oili inaposhuka. Hewa inatoka. Kisha washeni na kurudia. Povu likiisha na sauti ya kulia ikikoma, shusheni gari.

Kamati imeuliza pia kama gari linaweza kuendelea kubeba mizigo wakati wakitafuta spea. Mpira wa nguvu ukivuja, lisimame, kwa sababu ya ule moto niliousema. Uvujaji mwingine, kama ni tone tone, mnaweza kwenda pole pole na kopo la oili ndani ya gari, mkipima kila safari. Msiache kikopo kikauke. Pampu kavu hujila yenyewe. Oili ikiisha kabisa, angalieni mkanda wa pampu. Kama unazungusha pampu hiyo tu, utoeni. Usukani utakuwa mzito sana, lakini utageuka, na dereva mwenye nguvu atafika nyumbani kwa mwendo mdogo na bila mzigo. Kama mkanda huo unazungusha pia pampu ya maji, msiutoe, injini itachemka. Na wagonjwa msiwapakie katika hali hiyo. Usukani mzito kwenye mteremko wa mlima si jambo la kujaribu na mama mjamzito nyuma.

Oili chafu msiimwage karibu na kisima wala shambani. Itieni kwenye kopo lenye kifuniko na kuandika juu yake OILI CHAFU. Msiitie kwenye chupa ya soda. Rangi yake nyekundu inafanana mno na soda, na mtoto hatauliza.

Basi, ndugu wa kamati, osheni injini kesho asubuhi, pakeni unga wa chaki, na mniandikie ni wapi palipolowa. Andikeni pia namba za sili kama mmeifikia. Mbolea agizeni kama mlivyopanga.

Mwezi ujao nitajibu barua tatu za dumuzi kwenye maghala ya mahindi.