Khabari ya Kazi ni Amana, si Mali ya Mjomba



Lipo neno ambalo siku hizi limekuwa kama methali midomoni mwa vijana wetu, nalo ni hili: "Kazi ni kujuana." Analisema aliyetoka chuo kikuu na shahada yake, analisema aliyeishia darasa la saba, analisema hata mtoto ambaye bado hajaanza kuitafuta hiyo kazi. Wazee wakilisikia hutikisa vichwa wakasema ndivyo ulimwengu ulivyo. Leo nataka kulitazama neno hili kwa makini, kwa sababu ndani yake yamepikwa mambo mawili katika chungu kimoja, moja halali na la pili haramu, nasi tunayala yote pamoja bila ya kuuliza.

Jambo la halali ni kuonyeshana njia. Wahajiri walipofika Madina kutoka Makka, wengi wao walikuwa mikono mitupu. Mtume (S.A.W.) akawaunganisha udugu na wenyeji wao, Ansari. Abdurrahman bin Auf (R.A.) akafanywa ndugu wa Saad bin Rabii (R.A.), naye Saad alikuwa mtu mwenye mali, akamtolea mgeni wake nusu ya mali hiyo. Abdurrahman akamwombea baraka, asiichukue, na badala yake akaomba aonyeshwe soko liko wapi. Akaenda soko la Bani Qaynuqa, akaanza na samli na jibini, na baadaye akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Madina.

Hebu tulizingatie tukio hili. Mgeni ana nguvu, ana akili, lakini haujui mji: hajui mlango wa kupitia wala wa kumwuliza. Mwenyeji anajua. Kumwambia "soko lile pale" hakumpunguzii mwenyeji hata dirhamu moja, na kwa mgeni ni jambo kubwa kuliko sadaka. Huku ndiko kujuana kwa kheri.

Jambo la haramu ni kupenyezana kwa mlango wa nyuma. Nafasi yapatikana kazini; khabari zake hazitoki nje. Anaambiwa mpwa, anaambiwa shemeji, na tangazo hubandikwa ukutani siku mbili kabla ya mwisho wa kupokea barua, ili isemekane tu kwamba lilibandikwa. Au nafasi yatangazwa sana, lakini mwombaji huambiwa "azungumze vizuri", yaani atoe mlungula. Au, na hili ndilo ovu zaidi, binti wa watu huambiwa alete vyeti vyake peke yake, jioni, mahali ambapo si ofisini. Sheria ya Tanzania ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu chake cha 25, imelitaja ovu hilo waziwazi kuwa ni jinai. Na kabla ya sheria hiyo, dini ilikwisha kulihukumu: Mtume (S.A.W.) amemlaani mtoaji rushwa na mpokeaji wake. Tena Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Suratin Nisaa, aya ya 85, kwamba anayemwombea mwenzake kwa jambo jema hupata fungu katika wema huo, na anayeombea kwa jambo baya hubeba sehemu ya ubaya wake. Basi mjomba anayejivuna barazani kwamba amewaingiza kazini jamaa zake sita, na ajiulize ni fungu lipi alilojichumia.

Madhara ya jambo hili tumeyaona kwa macho yetu. Mwezi wa Juni 2014 vijana zaidi ya 10,000 walikusanyika katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanyiwa usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Viti vya kutazamia mpira vikageuka viti vya mtihani. Na mwaka huo huo Serikali ikafuta ajira nyingine za idara hiyo hiyo, baada ya malalamiko kwamba miongoni mwa waliochaguliwa walikuwamo jamaa za watumishi wake. Kijana akishuhudia mambo haya mawili katika mwaka mmoja, utamwambia nini hata aache kusema kwamba kazi ni kujuana?

Siku hizi nafasi nyingi za Serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi hupelekwa kwa mtandao. Hilo ni jambo jema. Lakini kazi zilizo nyingi katika miji yetu hazina tangazo: msaidizi dukani, mtunza ghala, fundi wa gereji, mpishi, karani wa kupokea mizigo, mwalimu wa shule ya chekechea. Hizo hupita kinywani, na kinywa hicho hakifiki kila nyumba.

Wenzetu waliolichunguza jambo hili kwa elimu yao wametupa funzo la ajabu. Mmarekani mmoja, Mark Granovetter, aliwauliza wanaume wa mji wa Newton, karibu na Boston, walivyopata kazi zao, akatoa kitabu mwaka 1974. Aliona kwamba zaidi ya nusu walipata khabari kwa mtu wanayemjua. Lakini mtu huyo, mara nyingi, hakuwa ndugu wala rafiki wa kila siku. Alikuwa mtu wanayeonana naye mara moja moja. Sababu yake ni wazi ukifikiri: ndugu yako na rafiki yako wanakaa palepale unapokaa wewe, na wanayoyajua unayajua. Yule wa mbali kidogo ndiye anayeleta khabari ya mahali usipofika. Basi anayeifungia khabari ndani ya ukoo wake amewadhulumu wengine, na wakati huo huo ameufungia ukoo wake katika kisima kidogo.

Sasa tujitazame sisi. Tunasimama safu moja, bega kwa bega, mara tano kwa siku. Kulia kwako yuko dereva wa lori, kushoto kwako fundi umeme, nyuma yako mwenye kiwanda kidogo cha matofali ambaye wiki nzima anatafuta mtu mwaminifu wa kushika daftari lake. Na mbele yako kijana aliyesomea hesabu, ambaye amepiga fotokopi ya vyeti vyake mpaka nauli imemwishia. Mnatoa salamu kulia na kushoto, mnavaa viatu, mnatawanyika. Hakuna aliyemwuliza mwenziwe, "Unafanya kazi gani?"

Ndiyo maana nasema vikundi vya mtaa vya watafutao kazi, ambavyo vijana wa sehemu mbalimbali wameanza kuviunda, ni jambo la kuungwa mkono. Na si jambo la kubahatisha. Mwaka 1975 mtaalamu Nathan Azrin na wenzake walitoa matokeo ya jaribio walilolifanya katika mji mdogo wa jimbo la Illinois, Marekani. Waliwagawa watafuta kazi mafungu mawili. Fungu moja likaachwa litafute kama desturi, kila mtu peke yake. Fungu la pili likawekwa katika kikundi kilichokutana kila siku. Baada ya miezi miwili, asilimia 90 ya wale wa kikundi walikuwa wamepata kazi, na wale wengine asilimia 55. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wazee wetu walilijua hilo bila ya jaribio.

Walifanya nini katika kikundi hicho? Hapakuwa na uchawi. Kila mmoja aliandika orodha ya watu wote anaowajua. Aliyesikia khabari ya kazi isiyomfaa yeye alimpa mwenzake. Walisaidiana kuandika barua, wakajizoeza kujibu maswali ya usaili mbele ya wenzao, na asiyekwenda kutafuta aliulizwa kwa nini. Haya yote yawezekana katika ukumbi wa madrasa yoyote baada ya Alasiri, kwa ubao mmoja na chaki. Na dada zetu wawe na kikundi chao. Hapo hakuna binti atakayekwenda peke yake kwa bwana mwenye "ofisi ya jioni".

Najua yatakayosemwa, maana yamekwisha kusemwa. Wako wazee wanaosema, "Hawa ni wahuni wanaokaa barazani, riziki ni ya Mwenyezi Mungu, watulie nyumbani waswali." Ndugu zangu, riziki ni ya Mwenyezi Mungu, hapana Mwislamu anayepinga. Lakini Mtume (S.A.W.) alipojiwa na mtu mhitaji aliyeomba, hakumrudisha nyumbani kutulia. Alimwuliza ana nini, akakinadi kitambaa chake na bakuli lake kwa dirhamu mbili, moja ikanunua chakula cha watu wake, ya pili ikanunua shoka, akamwambia aende akakate kuni. Wanaomwita kijana mhuni kwa sababu hana kazi, kisha wakamzuia asikutane na wenzake kuitafuta, wanataka afanye nini?

Wako na wengine wanaosema, "Kikundi hakizai kazi." Hili ni kweli. Vijana 10,000 kwa nafasi 70, hata wakiunda vikundi elfu, nafasi ni zile zile 70. Kuzizidisha ni wajibu wa wenye mamlaka na wenye mali, na tusiache kuwadai. Lakini uchache wa kitu ndio unaozidisha haja ya uadilifu katika kukigawa. Maji yakiwa mengi, nani atapigania zamu kisimani?

Na vikundi navyo viwe na mipaka. Kwanza, mtu asiombwe fedha ili aambiwe khabari ya kazi. Anayedai "pesa ya fomu" kwa simu, aghlabu ni mwizi. Pili, vyeti vya kughushi visikaribishwe hata mlangoni. Tatu, asitolewe ushahidi mtu asiyejulikana. Tazameni kisa cha Nabii Musa (A.S.) katika Suratil Qasas. Yule binti wa Madyana aliyemwambia baba yake amwajiri alitaja sifa mbili, nguvu na uaminifu, na alikuwa ameshuhudia mwenyewe pale kisimani alipowanyweshea wanyama wao. Kisha baba akataja mapatano wazi: miaka minane, na ikitimia kumi ni hiari ya Musa. Huo ndio udhamini: sema uliyoyaona. Unayeandika barua kwamba unamjua kijana kwa miaka mitano, na umemwona jana, umetoa ushahidi wa uongo. Nne, waliokwisha kupata kazi wasikipe kikundi kisogo. Wakifanya hivyo, watakuwa wao ndio wajomba wapya, na tutakuwa tumebadilisha kofia tu.

Enyi maimamu, toeni ukumbi. Enyi wenye maduka na magereji, mkihitaji mtu, semeni mbele ya jamaa kabla hamjasema jikoni. Nanyi mlio maofisini, nafasi mliyokabidhiwa si shamba la urithi. Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuzirudisha amana kwa wanaozistahiki, na khabari ya kazi ni amana. Aifichaye ili imwozee mpwa wake, siku ya Hisabu ataidaiwa na kijana ambaye hata jina lake halijui.

Wabillahi tawfiq.