Mpaka wa Mzee Banda
Wiki hii sokoni Ngonga nimemkuta muuza usipa akifunga mzigo kwa ramani ya shule iliyochanika, mpaka umepita katikati ya Ziwa Nyasa. Ng'ambo, Malawi, ramani huupitisha kwenye mchanga wetu, miguuni pa muogaji. (Utotoni tulionywa habari za mamba tu.) Mwaka 1967 Rais wa Malawi, Kamuzu Banda, alikataa hoja ya Mwalimu Nyerere ya mpaka wa katikati, akang'ang'ania mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890, mwaka huohuo akafungua uhusiano wa kibalozi na Makaburu. Nani angembishia? Mawaziri waliothubutu mwaka 1964 walishafukuzwa au kukimbia, akina Kanyama Chiume wakaja kwetu Tanzania. Mwaka 1971 Banda akawa rais wa maisha. Mei 1983 Dick Matenje, katibu mkuu wa chama, mtu aliyekuwa karibu na kiti, alikufa na wenzake watatu wilayani Mwanza, hukohuko Malawi. Ikatangazwa ajali ya gari, lakini tume iliyoundwa baada ya Banda kuondoka ikakuta waliuawa na polisi. Nyumba isiyotajwa mrithi, jirani hukesha. Na aliyewafukuza wote wa kumwambia "hapana" hakubakiwa na hata mmoja wa kumshauri "tuzungumze nao". Banda alishindwa uchaguzi mwaka 1994, msimamo wake ukabaki ofisini: mwaka 2012, zamu ya Rais Joyce Banda, utafutaji wa mafuta ukaliamsha zogo lilelile, hadi rais mstaafu wa Msumbiji, Joaquim Chissano, akaitwa kusuluhisha.