Kizibo cha fundi si aibu, lakini koperative nzima ikijue



Kwenye ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mbegu, mbolea na nafasi kati ya mistari. Leo tunasema juu ya tundu moja dogo la injini ya pikipiki. Tundu hilo likifungwa vibaya, injini inakufa, na mahindi yanabaki kijijini wakati bei iko nzuri Kamina.

Makoperative mengi bado yanatumia Yamaha za zamani, AG 100 ao DT 125, zilizobaki wakati miradi ilipofunga. Hizi ni injini za mapigo mawili, zile zinazochoma mafuta pamoja na esansi. Ndani yake kuna pompi ndogo inayovuta mafuta kutoka tanki lake na kuyapeleka kwa tuyo nyembamba mpaka kwenye njia ya esansi na hewa. Pompi ikichoka, fundi anasema: "Hii pompi ilisha kufa, tuitoshe, tutachanganya na mukono." Anaitoa, na lile tundu la mafuta linabaki wazi. Hapo ndipo anatafuta kitu cha kuliziba.

Wako wanaosema, hata ndani ya mashirika ya misaada, kwamba kizibo cha kujitengenezea ni kazi mbovu, tungojee piesi ya kweli. Sisi hatukubali moja kwa moja. Piesi ya kweli ni bora, hakuna ubishi. Lakini piesi inatoka Lubumbashi, inakuja na treni ya SNCC ao kwa barabara, na wakati wa mvua kila mtu hapa anajua safari hiyo ilivyo. Kama kuna feza na kuna siku ya kufika, mungojee. Kama hakuna, kizibo kilichotengenezwa vizuri kinaweza kuendesha pikipiki miaka mingi. Tunachokataa ni kizibo cha haraka kinachofanywa jioni kwa fundi, bila mwenyekiti wala dereva kujua.

Kwanza, muhakikishe pompi imekufa kweli. Mara nyingi tanki la mafuta liliachwa likauke, hewa ikaingia kwenye tuyo, na mafuta hayapiti tena. Fundi aijaze, atoe hewa kwa visi yake, aone kama mafuta yanasogea. Pompi nzima isitolewe kwa sababu ya hewa tu.

Ikiwa imekufa, tundu lifungwe kwa chuma. Kijiti kinavimba na kuoza. Mpira wa chambre à air unalainika ndani ya esansi, na gundi nyingi za dukani zinaachia. Kipande kikikatika kinavutwa ndani ya injini. Kama tundu lina nyuzi, fundi atafute buloni fupi ya nyuzi zilezile, iingie kwa vidole kabla ya kutumia ufunguo. Akilazimisha, anaharibu nyuzi na tundu linakuwa kubwa zaidi. Buloni ikatwe isitokeze ndani ya njia ya hewa, isafishwe unga wote wa chuma, iwekwe na rondeli ya shaba ao ya aluminiamu. Kama ni kamdomo kadogo ka shaba kasiko na nyuzi, kajazwe kwa kuchomelea risasi. Na pale pompi ilipokuwa imefungwa kwenye injini, pawekwe bamba la aluminiamu na karatasi ya joint, la sivyo mafuta ya vitesi yatamwagika njiani.

Kwa nini tunasisitiza hivi? Injini inavuta kupitia tundu hilo. Likivuja, hewa inaingia zaidi, esansi inakuwa kidogo, moto ndani unapanda, pistoni inashika. Ukiachia gazi na injini inaendelea kulia juu bila kushuka, ujue hewa inaingia mahali. Injini ikiwa inanguruma polepole, mudondoshe mafuta kidogo kuzunguka kizibo. Yakivutwa ndani, ao sauti ikibadilika, kizibo hakijakaza. Baada ya safari fupi mufungue buji: rangi ya kahawa ni nzuri, ikiwa nyeupe, musiendelee.

Hatari kubwa kuliko zote inatoka kwa mtu asiyejua. Pompi ikitolewa, hakuna tena kitu kinachopeleka mafuta ndani. Dereva mgeni akinunua chupa ya esansi kwa Kadhafi barabarani na kuimwaga ilivyo, pistoni inaweza kushika kabla hajafika nyumbani. Kwa hiyo mafuta yapimwe kila mara. Mufuate kitabu cha injini. Kama hakipo, kwa mafuta ya kawaida ya mapigo mawili tunashauri mililita 40 kwa litre 1 ya esansi: 200 kwa bidoni ya litre 5, 800 kwa bidoni ya litre 20. Mutikise vizuri kabla ya kumwaga. Moshi kidogo haina neno. Musipime kwa macho.

Tena musichanganye mambo. Haya ni ya injini za mapigo mawili peke yake. Injini ya mazuti ya mashini ya kusaga, ao pikipiki mpya za mapigo manne, zina njia zao za mafuta ambazo hazifungwi hata siku moja. Fundi akiwaambia afunge tundu la mafuta la mashini ya unga, mumkataze.

Kwa maoni yetu, shida yenyewe haiko kwa fundi. Fundi wa Kamina anaokoa mashini kwa vitu vichache alivyo navyo, na anastahili heshima. Shida ni kwamba pikipiki ni ya wote, lakini siri yake iko kwa mtu mmoja. Akihama, ao akigombana na kamati, siri inaondoka naye.

Tunaomba basi kwenye mkutano wenu ujao mukubaliane mambo matatu. Kizibo kiandikwe kwenye daftari la mashini: tarehe, jina la fundi, na kifaa alichotumia. Tanki lipakwe rangi kwa herufi kubwa: ESANSI NA MAFUTA. Watu wawili, si mmoja, washike kipimo, na mmoja wao awe mama wa kamati ya feza, kwa sababu pistoni ikishika yeye ndiye atakayetafuta pesa. Mukifanya hivyo kabla ya mavuno, pikipiki yenu itafika sokoni.