Kama Huna Tuba, Anza na Midomo

Bila shaka umewahi kuona kikundi cha matarumbeta harusini. Mbele hutembea wenye tarumbeta ndogo. Nyuma yuko mtu mmoja aliyebeba bomba kubwa, lenye mdomo mpana kama beseni. Ile ndiyo tuba. Sauti yake ni nene. Tuba na ngoma ndizo zinazowapa watu hatua. Tuba ikinyamaza, wachezaji huanza kukanyagana.

Muziki huu si mgeni kwetu. Ngoma ya beni ilianza pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, ikaenea Tanganyika. Watu waliiga bendi za askari. Walijigawa vyama viwili, Marini na Arinoti, wakashindana kwelikweli. Huko Unguja beni huchezwa harusini mpaka leo. Tuba yenyewe ilibuniwa Ujerumani mwaka 1835.

Vijana wengi huikimbia tuba. Wote wanataka tarumbeta ndogo, kwa kuwa ndiyo inayoimba wimbo. Mimi naona wanakosea. Wapiga tarumbeta wako wengi, lakini mpiga tuba hutafutwa.

Kama huna tuba, usingoje. Anza leo na midomo yako. Ifunge bila kuibana sana. Kisha puliza hewa katikati yake mpaka itetemeke, kama mtoto anayeiga mlio wa motokaa. Sauti ya tuba hutoka katika mtetemeko huo. Bomba huikuza.

Usijaze hewa mashavuni. Mimi nilipoanza nilivimbisha mashavu kama chura, nikapuliza kwa nguvu zangu zote. Nilishikwa na kizunguzungu, nikaketi chini mbele ya watu. Walicheka sana. Wewe vuta pumzi mpaka tumboni, ukihesabu hadi 4. Itoe polepole, ukihesabu hadi 8. Dakika 10 asubuhi na 10 jioni zatosha kwa mwanzo. Midomo ikichoka, pumzika.

Siku ukipata tuba, keti kwenye kiti, maana ni nzito. Piga sauti moja tu, ndefu, isiyoyumba. Vibonyezo viache kwanza. Bomba la tuba kubwa likinyooshwa hufika kama meta 5 na nusu, urefu wa mtumbwi. Ukibonyeza, pumzi hupitia bomba la ziada. Njia inakuwa ndefu zaidi, na sauti inashuka.

Tuba ni ghali, na mara nyingi ni mali ya kikundi kizima. Osha kwa sabuni kikombe cha kupulizia kabla ya kumpa mwenzako, hasa wakati wa mafua. Usiiache tuba mahali watoto watakapoiangusha. Ikibonyea, fundi hayuko karibu. Ukimaliza kupiga, mwaga maji yaliyomo ndani. Watu husema ni mate. Lakini mengi ni mvuke wa pumzi yako uliopoa, kama maji unayoyaona chini ya kifuniko cha sufuria.